Kisumu, Kabla ya Treni ya Saa Kumi na Mbili

Tulishuka Kisumu asubuhi, mimi na mume wangu, na pasi yetu ikaishia pale pale getini. Pasi ni kile kikaratasi ambacho mfanyakazi wa reli alipewa asafiri bure na mkewe, na hii ilikuwa ya mwisho, ile ya kustaafu: mtu na mke wake, daraja la pili, kwenda tu, bila kurudi. Mume wangu aliikabidhi kwa mkagua tikiti kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka. Alikuwa karani wa mizigo tangu ujana wake, kwanza hapo Kisumu gatini, kisha Nairobi, na mkono wake ulizoea kupokea karatasi, si kuzitoa. Mimi nilisimama nyuma yake na kikapu na mkoba. Ndani ya mkoba, katika leso niliyoipiga fundo, nilikuwa na nauli yangu mwenyewe ya kurudi Nairobi jioni ile.

Wacha niliseme mapema, asije mtu akajifanya kushangaa. Nilikuwa nimepanga kutokwenda nyumbani na mume wangu. Si talaka, aa-a, tulifunga ndoa kanisani na kiapo nakijua. Nilitaka tu yeye aende kwao Usenge akawe mzee na kiti chake, nami nipande treni ya saa kumi na mbili nikaendelee na maisha yangu. Rafiki yangu mmoja, mjane, alikuwa amenipatia nafasi ya kuweka cherehani kwenye baraza la duka, na chumba tungelala wote wawili. Cherehani yenyewe ilikuwa tayari kwake. Mume wangu alijua imo ndani ya kreti pamoja na vyombo, inakuja na gari la mizigo. Mahali pake nilikuwa nimejaza mablanketi na sufuria kuukuu, nikapigilia misumari mwenyewe. Kilichobaki ni kumwambia, na nilijiapiza nitamwambia usoni kabla ya treni. Sikutaka kutoroka kama mwizi wa kuku.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, na watoto wote walikuwa wameshatoka nyumbani. Sikuwa naogopa jembe. Nimezaliwa upande wa Awasi, nimepalilia mtama tangu sijajua kusuka nywele. Nilichoogopa ni kukosa mlango wa kufunga. Nairobi tulikaa katika nyumba ya reli, chumba na jiko, kuta nyembamba hata jirani akipiga chafya unamwambia afya, lakini mlango ulikuwa wangu. Mzee akienda kazini mimi nilikaa na cherehani, nikashona sare za shule na magauni ya maharusi, na mtu aliyetaka kunisema alilipa kwanza. Kule kwao hakuna anayelipa. Mama mkwe, mashemeji, wake za mashemeji, wote wanajua sufuria yako imechemka saa ngapi na chumvi umetia kiasi gani. Kila likizo tulipokwenda nilikuwa nahesabu siku. Sasa niliambiwa hakuna siku za kuhesabu tena.

Basi la Usenge lilikuwepo siku ile ile, tungeweza kulipanda. Lakini mizigo yetu ilikuwa nyuma, ingefunguliwa kesho yake asubuhi. Mtu mwingine angemwachia ndugu yake kazi ya kuipokea. Mume wangu? Thubutu! Tukakodi chumba katika lojing karibu na soko. Binti yetu alikuwa amepanga mtaa wa Migosi, hapo hapo Kisumu, na mumewe, lakini huko hatungelala. Kwetu mama halali katika nyumba ya mkwe wake, hata inyeshe mvua ya mawe. Tulikubaliana naye atatuona kesho stendi.

Nilidhani Mzee atalala. Treni ile ilikuwa imetupigapiga usiku kucha. Lakini alinawa uso, akavaa koti lake la suti na kofia, akasimama mlangoni.

"Nyar Awasi," akasema, "twende nikuonyeshe mji."

Hivyo ndivyo alivyoniita tangu aliponioa, binti wa Awasi. Nilimwangalia. Miaka yote ile tulikuwa tukipita Kisumu mbio, kutoka treni kuingia basi, watoto wakilia na mimi nikishika kuku kwa miguu. Hakuwahi kunionyesha hata kibanda cha soda. Nikasema moyoni, vizuri, nitamwambia njiani. Nikavaa viatu vyangu vya kanisani, na hilo lilikuwa kosa la kwanza la siku ile.

Alinipeleka kwanza gatini. Meli moja ilikuwa imefungwa hapo, nyeupe, kutu imeteremka ubavuni, na wapagazi walikuwa wanashusha magunia ya kahawa kutoka ng'ambo. Mzee akabadilika. Mtu niliyemjua ni wa maneno machache, anayekula akiangalia sahani, lakini pale alikuwa akinyoosha mkono huku na huku, akinieleza. Hapa palikuwa na meza yangu. Hapa Mhindi mmoja alinipiga kofi kwa sababu ya gunia lililopotea, na jioni likapatikana, na hakuomba radhi. Hapa nililala juu ya marobota ya pamba mwezi mzima kabla sijapata chumba. Mpagazi mmoja wa zamani akamtambua, wakakumbatiana, wakaanza utani wao. Mpagazi akamwekea begi miguuni, akamwambia aseme uzito. Mume wangu akaliinua kidogo tu, kama anayeamsha mtoto, akaliweka.

"Kilo ishirini na sita. Na ndani kuna kitu cha chuma."

Wakalipeleka kwenye mizani. Ishirini na sita. Watu wakapiga makofi, naye akarekebisha kofia yake akajifanya hajali. Mimi pia nilicheka, nakiri. Halafu nikaona saa ya ofisi ya gati, saa nne na nusu, na kicheko kikaniisha.

Kutoka hapo tukapanda barabara kuu. Nani asiyeyajua maduka yale ya Wahindi, yenye nguzo na baraza pana, na juu kabisa jina la mwenye duka na mwaka aliojenga, vimechongwa kwenye saruji! Majina yalikuwa yale yale ya zamani, lakini chini milangoni wengi walikuwa wenyeji, watu wetu, wamekaa nyuma ya kaunta bado hawajazoea kiti. Wahindi wengine walikuwa wameondoka. Mzee alisimama mbele ya kila duka, akinieleza. Hapa nilinunua viatu vyangu vya kwanza, vikanibana, nikavivaa hivyo hivyo kwa sababu ya heshima. Hapa palikuwa na mzee aliyeuza mchanganyiko wa dawa, mchungu sana, ukiunywa malaria inakukimbia yenyewe. Jua lilikuwa limeanza kuwaka lile la Kisumu, la kukaanga, na viatu vyangu vya kanisani vilikuwa vimeanza kunidai.

Kwenye baraza moja kulikuwa na mafundi watatu wamepanga cherehani zao mstari mmoja. Nilisimama. Fundi wa katikati alikuwa anaweka zipu kwenye gauni na alikuwa anaikosea, anavuta kitambaa badala ya kukiacha kiende. Mikono yangu ilisogea yenyewe.

"Usivute, ndugu yangu," nikamwambia. "Kiache kiende."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mama ni fundi?"

Kabla sijajibu Mzee akasema, "Alikuwa."

Alikuwa! Mtu nimekula jasho langu miaka ishirini, nimelipa karo ya watoto wawili kwa sindano, leo nimekuwa alikuwa, barabarani, mbele ya mwanaume asiyejua kuweka zipu. Nikamwambia, "Mzee, nina neno." Akasema, "Tukanywe chai kwanza, miguu inakuuma." Hilo nalo lilinikasirisha, kwamba ameona.

Katika mkahawa aliagiza chai na mandazi manne, akala matatu. Alikuwa anazungumza juu ya mabati. Bati jipya, geji nzito, na mfereji wa kukinga maji ya mvua hadi kwenye tangi, ili nisiende ziwani na mtungi. Nikasema, "Mzee, nisikilize." Akasema, "Madirisha ni makubwa, ya kioo, si yale ya ubao." Nikasema tena, "Baba, nisikilize." Akaweka kikombe, akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi na alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, maneno sita tu, nimeirudia tangu Nakuru. Ikakwama kooni kama mwiba wa ngege, samaki wetu wa ziwani.

"Chai haina sukari," nikasema.

Akamwita mhudumu, akaagiza sukari. Nilijichukia mpaka nikashindwa kumaliza andazi langu.

Ilikuwa saa saba tulipoingia sokoni, yeye akitaka kununua mkeka. Mtu akiniuliza siku ile ilivunjikia wapi, ni pale, upande wa samaki. Nilisikia mtu anapiga yowe.

"Yawa! Mama! Si ni wewe?"

Alikuwa jirani yetu wa Usenge, mama mnene anayenunua omena kwa wavuvi, anaianika, anaileta Kisumu kwa magunia. Alinikumbatia na harufu yake yote. Akamsalimia Mzee, Mzee akajibu akiangalia mikeka, kisha akasema anakwenda upande ule kuulizia bei. Alikwenda haraka. Nilimwona, lakini sikujua namna ya kulifikiria.

"Sasa umekuja kulala kwa nyumba yako," yule mama akasema. "Hongera. Hiyo ni nyumba, si mchezo. Bati inang'aa mpaka wavuvi wanaiona wakiwa ndani ya maji."

"Bado haijaanzishwa," nikamwambia. "Tunakwenda ndio tuanze."

Akacheka, akanipiga bega. "Wacha utani, mama! Sisi wote tulikuwa huko. Kijana yako akabeba shoka, jogoo akawika vizuri kabisa. Na ile nguo yako, ya maua ya buluu, ikawekwa kwa kitanda, Mzee akalala na hiyo. Wazee mwanzo walikataa, wakasema nguo si mtu. Lakini aliposema ni wewe mwenyewe umeitoa kwa mkono yako, kwa sababu kazi ya Nairobi imekushika, wakanyamaza. Wakasema huyo ndiyo mke. Mimi hata niliambia msichana yangu, sikia mambo ya mke!"

Hapa lazima nieleze kwa asiyekuwa wa kwetu. Kwa Wajaluo mwanamume hahami tu kutoka boma la baba yake akajenge anapotaka. Kuna siku ya kuanzisha dala, boma lake mwenyewe. Anakwenda asubuhi na mke wake wa kwanza na mwanawe wa kwanza. Kijana amebeba shoka, kuna jogoo, kuna moto, na nyumba inasimama siku hiyo hiyo. Usiku ule mume na mke wanalala humo. Bila mke hakuna dala. Na jambo hilo likikosewa kuna chira, balaa linaloingia katika nyumba, na wanasema huwaangukia kwanza watoto. Sijawahi kusikia, kabla wala baada, mwanamume aliyeanzisha dala na gauni.

Gauni lile nilikuwa nimelitafuta miezi mitatu. Nilikuwa nimemsingizia mfuaji. Nilikuwa nimekosana na mwanamke wa watu, tumeacha kusalimiana, kwa sababu ya gauni lile.

Sijui nilimuagaje yule mama. Nilimkuta Mzee ameshika mkeka ambao hajaulipia. Nilimshika mkono, na sisi si watu wa kushikana mikono mbele za watu, nikamtoa nje mpaka kwenye baraza la duka lililofungwa kwa bati. Nikakaa kwenye ngazi, nikavua viatu.

"Ni kweli?"

Hakuuliza nini. "Ni kweli."

"Likizo ya Pasaka. Uliniambia unakwenda kuangalia miti ya kujengea."

"Miti niliiangalia pia."

Jamani, nilitaka kumpiga na kiatu! Nilimuuliza alikuwa na haraka gani. Akakaa chini karibu nami, akavua kofia, akaniambia yote kwa sauti ile yake ya ofisini. Mdogo wake alikuwa amengoja miaka minane; mdogo hawezi kujenga boma kabla ya kaka yake, na watoto wake walikuwa wamekuwa wanaume wanalala jikoni kwa bibi yao. Mama yake alikuwa anamuuliza katika kila barua. Barua ya kustaafu ikaja, na nyumba ya reli ikawa na jina la mtu mwingine kabla hatujafunga kreti. Angerudi alale wapi, kwenye kibanda chake cha ujana, na mvi zile?

"Ungeniuliza," nikasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo maana ya kuuliza, Mzee!"

Mpita njia akageuka. Mume wangu akakunja ukingo wa kofia, akaukunjua. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Cherehani haimo ndani ya kreti."

Nikaweka kiatu chini.

"Niliiinua kreti Nairobi tulipokuwa tunapima. Ile cherehani naijua uzito wake, nimeibeba nyumba tatu. Haimo. Nilijua siku ile ile kwamba huji." Akasafisha koo. "Nikasema nitakuonyesha mji. Sijui kwa nini. Nilidhani ukiona mahali nilipoanzia..."

Kwa hiyo asubuhi nzima, gatini, madukani, kwenye chai, sote wawili tulikuwa tunajua, kila mmoja ameficha lake. Ningeweza kumhurumia. Sikumhurumia. Nilimwambia, "Basi vizuri, umenipunguzia maneno. Narudi na treni ya leo." Na nilipolisema hivyo, waziwazi, ndipo nilipoanza kuona nilivyofungiwa.

Kwa sababu akaniuliza, polepole, "Na mke wa kijana wetu?"

Mwanangu wa kwanza, mwalimu, yule aliyebeba shoka. Mkewe alikuwa mja mzito wa miezi saba. Alikuwa ameharibikiwa mimba mara mbili, na mara ya pili nilikuwa naye hospitalini, mimi ndiye niliyemshika miguu. Mimba hii tulikuwa tunaizungumza kwa kunong'ona.

Mimi ni mama wa kanisa, nilikuwa nimefundisha darasa la ubatizo. Chira nilikuwa naiita mambo ya kale, na nikisema hivyo watu wa kwao walikuwa wananitazama tu. Lakini haikuwa swali la ninachoamini. Nyumba imeanzishwa kwa jina langu. Nguo yangu imelala humo. Nisipokuja kulala mwenyewe, nguo itakuwa uongo, shoka litakuwa limebebwa bure, na balaa litakuwa linatafuta mahali pa kukaa. Mtoto yule akitoka mfu, nani atasema ni Mungu? Watasema ni nyanya yake, aliyependa cherehani. Yule msichana mwenyewe atasema, labda si kwa mdomo, lakini nitaliona kila akinipa chai. Na mwanangu alijua. Alibeba shoka akijua sijaulizwa, akaniandikia barua mbili baada ya hapo, za salamu na hali ya hewa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na linaniuma leo.

Nilikaa pale kwenye ngazi nikatafuta mlango. Nairobi, nyumba si yetu tena. Awasi ni kwa kaka yangu, na dada aliyeolewa akirudi kukaa kwa kaka yake anakuwa maneno ya kijiji. Migosi siwezi kulala hata usiku mmoja. Kwa rafiki yangu kulikuwa na kitanda na baraza, na ningeshona, ndiyo, lakini kila posta ningeogopa kufungua barua. Nilizunguka hivyo kichwani, nikarudi pale pale. Yeye alikuwa amekaa tu, ameshika kofia, hakunisukuma wala kunivuta. Ningependa angenivuta, ningepata cha kupigana nacho.

Saa kumi na moja nikavaa viatu nikaelekea stesheni. Sikumwambia anifuate. Nilisikia hatua zake nyuma yangu, mtu anayetembea kama amebeba kitu. Treni ilikuwa imeshasogezwa. Watu wa daraja la tatu walikuwa wanapitisha mabegi na watoto madirishani, kuna mama alikuwa anauza mayai na mahindi ya kuchemsha. Nilifungua fundo la leso, nikaenda hadi kwenye dirisha la tikiti. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Kisha wa pili. Kisha karani akaniambia, "Mama, wapi?"

Nikamwambia anisamehe kidogo, nikatoka kwenye foleni. Mguu haukunipeleka. Sijui kulieleza vinginevyo.

Mzee alikuwa amesimama jukwaani. Nilikwenda nikasimama mbele yake, karibu kabisa, nikahisi machozi ya hasira yananitoka na sikuyafuta.

"Niulize," nikamwambia.

"Nini?"

"Kile ulichowaambia wazee kwamba nimekikubali. Niulize sasa. Mimi, si gauni."

Watu walikuwa wanatupita na mizigo. Mume wangu hakuwahi kuniuliza jambo maishani. Hata kuoana, ni wazee walioniuliza, yeye alikuwa amesimama nje na ng'ombe. Aliangalia huku na huku, aibu imemjaa mpaka masikioni. Nilidhani atasema twende, tumechoka, kama anavyosema. Lakini akavua kofia, akaishika kifuani.

"Nyar Awasi," akasema, "utakuja kukaa na mimi nyumbani?"

"Hapana," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Nikalirudia, ili asije akasema hakusikia. Hapana. Nilikuwa nimelibeba neno lile siku nzima, na niseme kweli, miaka mingi zaidi ya siku. Lilitoka kubwa kuliko nilivyodhani, yule mama wa mayai akageuka. Gadi wa treni akapuliza filimbi, treni ikavuta, mabehewa yakagongana, na mbele ya macho yangu ikaanza kuondoka, taratibu kabisa, hata mtu mwenye viatu vibaya angeweza kuipanda. Nilibaki nimesimama. Yeye naye akabaki amesimama. Hakuniuliza kwa nini sipandi, na hilo nilimshukuru.

Asubuhi tulipokea mizigo, tukamwona binti yetu stendi, tukapanda basi. Kufika jioni nilikuwa ndani ya nyumba ile yenye madirisha makubwa, na watu wakiimba nje. Mtoto alizaliwa miezi miwili baadaye, mzima, analia kama ng'ombe. Cherehani ilinifuata baadaye na nimeshona huku huku, omena ikinukia mpaka kwenye vitambaa. Mzee wangu alifariki akiwa na boma lake na kiti chake, mdogo wake akajenga lake, na mazishi yake yalikuwa ya heshima.

Pale mazishini mzee mmoja wa ukoo alisimama akaeleza jinsi dala ile ilivyoanzishwa. Kwamba mke alikuwa mbali, kazini, na akatanguliza nguo yake kwa hiari yake, kwa mkono wake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwanangu alikuwa amekaa mstari wa mbele, akainamisha kichwa, hakuniangalia. Tangu hapo kila anayeolewa katika boma hili huletwa kwangu, anakalishwa kwenye mkeka, anaambiwa ajifunze kwangu jinsi mke anavyokubali. Na mimi humtilia chai, namuuliza habari za kwao.